Chumvi Wako Sita

Ule ulikuwa mwaka tuliokula sombe bila munyu. Mtu wa kwetu, wa kando ya ziwa Tanganyika upande wa Kongo, ukimwambia hivyo hakuulizi tarehe, anashika mdomo tu. Sombe ni majani ya muhogo, unayatwanga, unayachemsha mpaka yatulie, na munyu ndio ule ule ambao watu wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, wanauita chumvi. Bila munyu, sombe ni majani ya mbuzi yaliyopitia motoni. Tulijaribu kila kitu. Tulichoma maganda ya ndizi, tukachuja majivu yake, tukapikia yale maji, na chakula kikatoka na ladha ya sabuni. Niliona watoto wakilamba jasho la mikono yao. Askari wageni walikuwa wameuteka mji wetu na kulifunga ziwa: boti isivuke, isije, isiende, na munyu wote ulitoka ng'ambo. Wasomi watauandika mwaka ule kwa majina ya wakubwa wa vita. Mimi naukumbuka kwa ulimi.

Naandika kwa sababu Zawadi amekufa. Alilala hospitali ya Westmead, huku ugenini tulikokimbilia, wiki tatu, na aliyemgeuza kitandani, aliyemfuta uso, alikuwa mjukuu wangu Neema, ambaye ni nesi pale. Ndiyo, nesi, na nitalisema kanisani, dukani na kwenye treni mpaka mchoke. Baada ya kuzika tulirudi nyumbani kwa marehemu, Doonside, watu wamejaa mpaka gereji, Wakongomani, Warundi, bugali wa semolina kwenye masufuria ya kukopa kanisani, sombe ya friza kutoka duka la Waafrika. Mama mmoja Mrundi alionja, akakunja uso: "Eh, nani alipika hii? Munyu imezidi!" Watu wakacheka. Mimi nikaweka sahani chini. Hapo ndipo mtoto wa kwanza wa Zawadi, mwanaume mzima mwenye mvi, alinijia na kuniuliza, "Mama mkubwa, weye na mama mlijuana wapi?" Nikamjibu, "Kwa kazi." Akasema, "Kazi gani? Mama hakutuambia kama alikuwa na kazi kule." Neema naye alikuwa karibu, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama ni kweli wanawake walikuwa na kazi wakati wa vita. Nikasema nimechoka, nipelekwe nyumbani. Miaka yote hii mimi na Zawadi tumekaa mitaa miwili mbali, tumeimba kwaya moja, na kazi ile hatukuwahi kuitaja kwa sauti. Sasa nimebaki mimi peke yangu ninayeijua. Nina shule ya darasa la nne. Mwandiko wangu mniwie radhi, lakini kumbukumbu haina darasa.

Kazi yetu ilikuwa kusikiliza. Pale bandarini kulikuwa na depo ya zamani ya pamba. Pamba iliisha zamani za baba zetu, lakini harufu ya mbegu zake ilibaki kwenye kuta, harufu nzito ya mafuta yaliyolala. Askari waligongomea mablanketi ya jeshi madirishani, wakaleta foni mbili, redio zile kubwa za kuongelea mbali, rangi ya kijivu, zenye taa moja ya kijani iliyotutazama kama jicho la paka. Chini ya meza zilipangwa betri za lori. Waya ulitoka kwenye tundu la ukuta mpaka juu ya mchikichi. Ukutani kulikuwa na ramani ya ziwa, jembamba na refu kama utumbo, na juu yake pini nyekundu. Kila boti iliyokuwa na foni ziwani, ya wauza munyu waliovuka kwa siri, ya wapiganaji waliojificha milimani, ya wavuvi wa ndagala, yaani dagaa, ilikuwa inaongea, na sisi tuliwekwa pale tuivue ile sauti. Askari wale hawakujua lugha ya watu wa ziwa. Walisikia Kiswahili cha Kongo kikichanganywa na Kibembe, wakaona ni kelele. Basi walipita sokoni na bunduki kutafuta wanawake wenye masikio. Mimi nilionyeshwa kidole kwa sababu nilikuwa napika kwa mapadri, na mapadri walikuwa na foni, nikazoea kusikia mtu ndani ya ule mkwaruzo. Zawadi alichukuliwa kwa sababu alikuwa amesimama karibu nami. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini masikio yake yalikuwa ya ajabu: alisikia mtu akimeza mate ng'ambo ya ziwa. Tukagawana. Yeye alivaa vile vyombo vya masikioni na kutamka alichosikia, mimi nikaandika kwenye kaye, yaani daftari. Askari walituita Masikio. "Masikio, njooni." "Masikio, mmekula?" Ukiitwa hivyo miezi, unaanza kusahau kwamba una sehemu nyingine za mwili.

Mkuu wao tulimwita Komanda Miwani, akiwa hayupo. Kabla ya vita alikuwa mwalimu, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi ya bunduki za wengine, maana mtu anayefoka unajua hasira yake inaanzia wapi na kuishia wapi. Asubuhi aliingia na mayai mawili ya kuchemsha na kopo la munyu. Aliyamenya taratibu mbele yetu, akachovya yai ndani ya munyu, akala, akajilamba vidole, halafu akatoa kalamu yake, biki nyekundu, na kusahihisha kaye yangu. Kusahihisha, kama mwalimu! Sheria yake ilikuwa moja: andika kama ulivyosikia, usipunguze hata kikohozi, mimi ndiye nitakayenyoosha. "Mapendo," aliniambia siku moja, "hili *iko* ni neno gani? Meza iko, mbuzi iko, mvua iko! Nyinyi Wakongomani mmekiua Kiswahili, mmekizika, na sasa mnacheza ngoma juu ya kaburi." Askari wakacheka. Moyo ulinichoma. Ile shule yangu ya miaka minne, nilikuwa wa kwanza kwa imla. Masista waliwahi kuinua daftari langu juu darasa zima likaona. Lakini nikasema, "Ndiyo, Komanda." Kila mahali nilipoandika *munyu* alikata, akaandika juu yake *chumvi*. "Munyu ni neno la kijijini," akasema. Malipo yetu yalikuwa kikombe kimoja cha hilo neno la kijijini, kila Jumamosi.

Nilikifunga kwenye kitambaa na kukificha chini ya vitenge. Kwenye sufuria nilitia kidogo sana, ncha ya kidole, lakini munyu hauna siri. Jirani yangu, aliyeniita yaya, yaani dada, alisimama mlangoni akinusa. "Sombe ya kwako inaitika leo, yaya. Munyu ya wapi?" Nikamwambia, "Ya machozi." Akacheka, ila macho hayakucheka. "Basi machozi ya kwako iko na bei. Siye tunalia bure." Toka siku hiyo kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Nilikuwa naogopa huku na huku: asubuhi naogopa askari, jioni naogopa majirani.

Wiki za kwanza niliandika kila kitu bila kufikiri. Nilikuwa na woga, na mtu mwenye woga anakuwa mwanafunzi mzuri. Kulikuwa na sauti moja tuliyoizoea, mzee wa boti za munyu ambaye alikohoa kabla ya kila neno. Tulimwita Baba Kikohozi. Asubuhi moja alimwambia mwenzake wa boti nyingine ateremshe mzigo kwenye mwamba wa bata. Zawadi akatamka, nikaandika: mwamba wa bata. Komanda hakusahihisha kitu. Aliinuka, akachomeka pini moja, akatoka, na boti yao yenye bunduki kubwa ikaunguruma. Baada ya saa moja tukasikia, du, du, du, kama mwanamke anatwanga sombe mbali. Zawadi alinishika goti chini ya meza. Ndani ya foni Baba Kikohozi akaanza kumwita mwenzake kwa jina. Hakutumia maneno ya kazi, alimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Alimwita mpaka saa sita mchana, na sheria ilikuwa kuandika kila kitu, kwa hiyo niliandika lile jina kurasa mbili nzima. Kesho yake askari walileta gunia lililoloa, lililookotwa majini. Jumamosi tukapimiwa kikombe kutoka humo. Nilipika nao. Nilikula. Sitadanganya hapa, nisije nikadanganya na kaburini.

Tangu siku hiyo watu wa boti walibadilisha kuongea. Walijua kuna sikio mahali. Na siku kama kumi baadaye Baba Kikohozi akakohoa, akasema kitu ambacho Zawadi alikitamka polepole, akiwa ameniangalia: "Munyu iko magunia kumi. Chumvi wako sita." Nikaandika. Komanda alipokuja alikata *munyu* akaweka *chumvi*, akakata *iko*, akakata *wako*, akaweka *ipo* na *ipo*, na sentensi ikawa ya kijinga: chumvi ipo magunia kumi, chumvi ipo sita. "Huyu mzee anajirudia kama mlevi," akasema, akamenya yai la pili.

Mimi nilikuwa nimeshaganda. Sikilizeni niwaeleze, hasa nyinyi wajukuu mliozaliwa huku mnaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza. Kwetu kila kitu ni iko. Meza iko, ng'ombe iko, hata askofu akichelewa utasikia, "Askofu iko nakuya." Lakini watu wakiwa wengi, ulimi wenyewe unaleta *wako*. Wako wapi? Wako ndani. Gunia haliwezi kuwa wako, hata kwa mlevi. Halafu, mtu wa kwetu hasemi chumvi. Hilo ni neno la ng'ambo, la Kigoma. Baba Kikohozi alikuwa amelichukua hilo neno la wageni akalivalisha watu. Munyu ni munyu. Chumvi ni watu wanaotoroshwa kwenda ng'ambo, wamelala katikati ya magunia matupu chini ya turubai. Na Komanda, kwa biki yake nyekundu, alikuwa anawaficha yeye mwenyewe. Kila siku alifuta watu akaweka magunia. Nilitaka kucheka. Hofu ilikuwa kubwa mno, sikuweza.

Miezi mitatu ilienda hivyo. Chumvi wako wanne. Chumvi wako tisa. Tulitamka, tukaandika, na Zawadi na mimi hatukuulizana kitu, maana kuulizana ni kujua. Kisha Komanda akashikwa na malaria. Alilala wiki mbili, na kaye zikarundikana bila kusahihishwa. Katika wiki ya pili, tukiwa tunakula nyuma ya depo, muhogo wa kuchemsha na ndagala nne kwenye sahani moja, Zawadi alisema bila kuinua uso:

"Mapendo. Kesho kutwa mama yangu ni chumvi."

Nikaacha kutafuna.

"Na watoto wangu wawili. Ni chumvi."

"Na weye?"

"Mimi nikikosa kuja kwa kazi, watajua siku ile ile. Nitabaki." Akachukua ndagala, akaigawanya kwa kucha, akanipa upande wa kichwa. "Kula. Usilie hapa, wataona."

Siku ile ya kesho kutwa ilianza vizuri, na mimi siku zinazoanza vizuri siziamini mpaka leo. Asubuhi Baba Kikohozi alikohoa, akasema, "Chumvi wako tisa, jua likizama." Zawadi alitamka kwa sauti ya kawaida kabisa. Mimi nilifikiria kutoandika, lakini kulikuwa na askari mlinzi nyuma yetu, naye alikuwa amesikia Zawadi akitamka. Nikaandika. Saa sita mchana Komanda akaingia. Amekonda, koti linaning'inia, macho ya njano nyuma ya miwani. Hakubeba mayai. Alibeba kaye zote za wiki mbili kwapani. Akamwambia Zawadi akachote maji, akamwambia mlinzi asimame nje, akakaa kwenye stuli ya Zawadi ambayo ilikuwa bado ya moto. Nje, boti yenye bunduki ilikuwa imeshawashwa, inanguruma pale pale ilipofungwa.

"Mapendo," akasema, "nilipokuwa mgonjwa sikuwa na la kufanya. Nikasoma." Akafungua kaye ya kwanza, biki nyekundu ikitembea chini ya mistari bila kukata kitu. "Hapa, munyu iko. Hapa, munyu iko. Hapa, chumvi wako. Hapa tena, chumvi wako. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi. Mwanafunzi mbaya hukosea ovyo ovyo, leo hivi, kesho vile. Huyu mzee hakosei ovyo. Munyu haijawahi kuwa *wako* hata mara moja. Chumvi haijawahi kuwa *iko* hata mara moja." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Huyu ndiye mwanafunzi bora niliyewahi kumsahihisha. Na wewe ulikuwa unajua."

Nilijikojolea. Naandika kwa sababu ni kweli. Maji yalishuka moto kwenye mguu wa stuli yakaingia kwenye mavumbi, na yeye aliyaona, akajifanya hajaona, kama mwalimu mwema. Alivuta gunia kutoka kona, gunia zima la munyu, akalifungua mdomo mbele yangu. Munyu mweupe, mkavu, wenye kumeta. Sikuwa nimeona munyu mwingi hivyo mwaka mzima. "Lako," akasema. "Nenda nalo nyumbani, jirani zako wale mpaka wasahau." Halafu akatoa bastola, akailaza juu ya kaye, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kizito ili karatasi zisipeperuke. "Au hiyo."

Najua mngependa kwanza mjue kilichotokea baadaye, basi nitawaambia na tumalize. Boti yao ilitoka jioni ile, lakini ilitoka bila kujua ikatafute nini, ikaifukuza boti ya munyu ya upande mwingine, ambayo nayo iliponyoka. Chumvi wote tisa walifika Kigoma. Mama yake Zawadi alizeeka kambini akafa kwa uzee. Yule mwanaume mwenye mvi aliyeniuliza gerejini Doonside tulijuana wapi, alikuwa chumvi. Alikuwa na miaka mitatu, chini ya turubai, amefungwa mdomo kwa titi la bibi yake lisilo na maziwa. Mimi nilipigwa kwa kitako cha bastola upande wa kushoto, na sikio hilo halijasikia tangu siku ile. Neema alinipeleka kwa daktari, daktari akauliza limeanza lini, nikasema nilizaliwa nalo hivyo. Mwanangu anaendesha malori ya kontena pale Port Botany. Siku moja alinipakia mbele, nimwone baba wa wajukuu wangu akifanya kazi, na redio ya lori ikakwaruza, sauti ya mtu ikakohoa ndani yake. Nilimwambia asimamishe. Barabara kubwa, malori yanapita mbio, nikashuka nikasimama kando. "Mama, ni rafiki yangu tu, anauliza geti gani!" Alinibembeleza kwa muda mrefu. Sikupanda tena. Nilirudi kwa basi.

Watu wanadhani jambo kama hili linataka ushujaa. Mimi sikuwa na ushujaa wowote. Nilikuwa na nguo mbichi na kinywa kikavu, na macho yangu yalikuwa kwenye lile gunia, sitaficha. Nililitamani kuliko nilivyoogopa bastola. Kitu kilichonishinda kukipata kilikuwa ni uongo. Nilitafuta uongo mzuri kichwani, sikuuona hata mmoja, kwa sababu yeye alikuwa na akili kunizidi na angeufungua uongo wowote kama anavyomenya yai. Kitu kimoja tu kilikuwa chetu na yeye alikidharau tangu mwanzo: Kiswahili chetu. Nikaona kwamba ikibidi niwe mjinga, basi niwe mjinga jinsi alivyotuita, mjinga kabisa, mimi niliyekuwa wa kwanza kwa imla. Hilo liliniuma kuliko pigo lililokuja. Hata sasa, nikiwa na wajukuu wasomi nyumba nzima, linaniuma.

Akasogeza uso. Pumzi yake ilinuka kwinini.

"Chumvi ni akina nani?"

Nikamwangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nianze ile kazi. Nikasema, "Munyu ni chumvi, chumvi ni munyu. Siye huku hatujue Kiswahili."

Nje, Zawadi alikuwa amerudi na maji, nilisikia ndoo ikitua chini. Boti ikaunguruma zaidi. Komanda akavaa miwani, akachukua bastola, akaisogeza polepole upande wa sikio langu la kushoto mpaka chuma kikagusa ngozi, kikiwa baridi katika joto lile lote, na akaniuliza tena, kwa ile sauti ya upole, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya mwisho:

"Mapendo. Chumvi ni akina nani?"

"Munyu ni chumvi, chumvi ni munyu. Siye huku hatujue Kiswahili."